Upanga wa Kiooni Mbona Mwepesi?

Wazee wenzangu wengi wakitaja mapigano ya michezo ya kompyuta huyataja kwa kuyalaani, na lawama zao mnazijua, enyi wasomaji: kijana hasomi, halali kwa wakati, hasikii akiitwa, macho yamemganda kwenye kioo akikatakata majitu yasiyokuwako. Sikuja leo kuzirudia lawama hizo wala kuzipinga. Nimekuja na lawama nyingine ambayo sijapata kuisikia barazani, nayo ni kwamba mapigano yenyewe, katika michezo mikubwa inayosifiwa dunia nzima, aghalabu ni mabovu. Upanga hauna uzito. Apigwaye hana habari kwamba amepigwa. Aliyeshindwa hajui kuwa ameshindwa. Na maadamu kijana atakaa hapo saa 100, na wengine saa 300, akipiga na kupigwa, si jambo dogo kuwa pigo halina maana.

Niwaeleze kwanza wale ambao hawajapata kuiona. Aina za michezo hii ni nyingi. Ninayoizungumzia mimi ni ile ambamo mchezaji huvaa uhusika wa mtu mmoja, pengine mwindaji, pengine mfungwa, pengine mtoto wa mhunzi, kisha huachiliwa katika nchi nzima ya kubuni yenye milima, mito, miji, misitu na majoka, akaambiwa aende apendako. Akitaka atachuma dawa porini, akitaka atanunua nyumba, akitaka ataupanda mlima anaouona kule mbali mpaka kileleni. Walakini popote aendapo atakutana na wanyang'anyi, mizuka au mbwa mwitu, na hapo hana budi kuchomoa upanga. Kwa hivyo kupigana kwa karibu, uso kwa uso, ndiyo kazi anayoifanya kuliko zote. Nimeyafuatilia haya kwa miezi kadhaa nikiketi kando ya mpwa wangu, kijana anayesomea mambo ya kompyuta hapa Mombasa, yeye akishika pedi nami nikishika maswali. Kilichonipeleka huko nitakieleza mbele.

Mfano ulio mashuhuri ni Skyrim, mchezo uliotolewa tarehe 11 Novemba 2011 na kampuni ya Bethesda ya Maryland, Marekani. Umeuzwa nakala zaidi ya milioni 60, nami siunyimi haki yake. Nchi yake ya theluji inapendeza ajabu. Nimewahi kumwambia kijana asimame tu tutazame mbingu. Lakini akichomoa upanga, uzuri wote ule humwagika. Bonyeza, upanga unapita. Bonyeza kwa muda zaidi, upanga unapita kwa nguvu zaidi. Adui amesimama mbele yako naye anafanya vivyo hivyo, mnapokezana kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mpaka mmoja roho imwishe. Ukizidiwa, unafungua mkoba, na ulimwengu wote unasimama, shoka la adui likiwa bado hewani. Hapo unakula jibini, mikate, mchuzi wa kabeji na matufaha ishirini kwa mpigo, roho inarudi, unafunga mkoba, na shoka linaendelea na safari yake. Nilicheka mpaka nikatoka machozi.

Ukilalamika kwamba mchezo ni rahisi mno, pako pahali pa kuongeza ugumu. Na ugumu wenyewe ni upi? Mwaka 2013 liliongezwa daraja la juu kabisa, ambalo ndani yake pigo lako hupunguzwa likawa robo, na pigo la adui huzidishwa mara 3. Basi. Adui hakujifunza kukinga vizuri zaidi, hakujifunza kuzunguka nyuma yako wala kumwita mwenzake. Amekuwa gunia kubwa zaidi la mchanga.

Lakini hayo ni madogo. Lililoniudhi hasa ni hili. Katika Skyrim mnyang'anyi akikaribia kufa mara nyingine hupiga goti na kuomba asiuawe. Kijana wangu hakusimamisha hata mkono. Nikamwambia, "Mwache, si amesalimu amri?" Akanijibu bila kugeuka, "Mjomba, ukimwacha atasimama akupige." Nikamsihi amwache, tukangoja. Yule mtu akakaa pale chini kwa muda mfupi, akapata nafuu, akasimama, akaendelea na vita kana kwamba hakusema neno. Tukajaribu kwa mwingine, na mwingine tena. Hali ikawa ile ile. Sidhani kuwa watengenezaji walikusudia ubaya. Mashine imeambiwa kwamba roho ya mtu ikipungua sana apige goti, na ikirudi kidogo apigane, hakuna aliyeiambia kwamba baina ya mambo hayo mawili mtu ametoa ahadi. Walakini kijana anayecheza hujifunza nini? Hujifunza kwamba aombaye amani ni mwongo, na kwamba njia ya salama ni kummaliza akiwa magotini. Sisi tuliofunzwa chuoni adabu ya kutomgusa aliyeweka silaha chini, kabla hatujaruhusiwa kushika hata fimbo, jambo hili hatuwezi kulipita kimya.

Ugonjwa huu una asili yake. Michezo ya namna hii ilizaliwa mezani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, penseli na dadu. Mtu husema, "Nampiga yule jitu kwa upanga," kisha hurusha dadu ya pande 20, na tarakimu ndiyo inayoamua kama pigo limeingia au limepita hewani. Mezani jambo hilo ni sawa kabisa, kwa sababu upanga umo akilini. Msimulizi atasema jitu liliinama, au liliteleza, na kila aliyeketi ataliona kwa jicho la moyo.

Tatizo lilikuja dadu zilipohamishiwa kwenye kioo. Katika Morrowind, mchezo wa kampuni ile ile uliotoka 2002, unauona kwa macho yako upanga ukipita katikati ya kifua cha adui, na mashine inakwambia umekosa. Masikini mchezaji, aamini jicho lake au aamini hesabu? Mwaka 2006 ukatoka Oblivion, dadu zikaondolewa: pigo likigusa, limegusa. Ilikuwa hatua njema. Lakini dadu ziliondoka, daftari likabaki. Upanga ni tarakimu, deraya ni tarakimu, roho ya adui ni tarakimu, na kupigana ni kutoa hii katika ile mpaka ibaki sufuri. Tena katika Oblivion maadui hupandishwa daraja kadiri mchezaji apandavyo, ndiyo maana huishia kukutana na wanyang'anyi wa barabarani, watu wa kuvizia wapita njia kwa ajili ya sarafu chache, wamevaa deraya za bei ambayo hata mfalme angeifikiria mara mbili.

Kila nilipoona upanga umeandikwa tarakimu yake pembeni, huu 12, huu 15, alinijia akilini al-Kindi, yule mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, aliyeandika risala nzima juu ya panga, akizitenga kwa aina ya chuma na kwa nchi zilikotoka. Kwake yeye upanga wa Yemen na upanga wa India ni vitu viwili. Na katika michezo hii hata tofauti ya wazi baina ya silaha ndefu na silaha fupi mara nyingi hupotea. Morrowind ulikuwa na mikuki. Katika Oblivion na Skyrim mchezaji hapewi mkuki kabisa, silaha ambayo imeangusha watu wengi zaidi kuliko upanga tangu dunia iumbwe.

Niwatendee haki watengenezaji. Mchezo wa njia moja ni rahisi kuupanga: mtengenezaji anajua utaingia mlango huu, ukiwa na silaha hii, na adui atakuwa amesimama pale penye sakafu iliyonyooka. Katika ulimwengu ulio wazi hajui lolote. Huenda ukamfikia adui juu ya mteremko, au ndani ya maji, au ngazini. Huenda ukaja siku ya kwanza na kisu kibovu, au mwezi wa pili umevaa ngozi ya joka. Kila mwendo wa mkono lazima ukubaliane na ardhi yoyote na mwili wowote, watu kwa majitu. Ndiyo maana wengi hukimbilia tarakimu, kwa kuwa tarakimu haijali mteremko.

Uzito basi huletwa na nini, ilhali kioo hakina mizani? Mtazameni mpasua kuni. Shoka hupanda kwanza, tena polepole; hushuka; hugota; mikono hutetemeka; na halirudi juu papo hapo kwa kuwa limekwama. Wachoraji wa filamu za katuni walilijua jambo hili zamani. Frank Thomas na Ollie Johnston, waliofanya kazi kwa Disney, waliliandika katika kitabu chao cha mwaka 1981: kila tendo lazima litanguliwe na maandalizi yake, la sivyo macho hayatalishika. Katika mchezo maandalizi hayo yana faida ya pili, kwamba ndiyo yanayompa mpinzani nafasi ya kusoma. Mtu akiona kitu kwa jicho, mkono wake huchukua kama robo ya sekunde kuitikia. Pigo linaloandaliwa kwa muda mfupi kuliko huo halikingwi ila kwa kubahatisha, na mchezo wa kubahatisha ni dadu zile zile zimerudi kwa mlango wa nyuma.

Kisha kuna kule kugota. Wajapani ndio mafundi wa jambo hili. Katika michezo yao ya ngumi ya miaka ya mwanzo ya 1990, Street Fighter II wa mwaka 1991 mathalan, ngumi inapofika mwilini picha zote mbili, ya mpigaji na ya mpigwaji, husimama kwa kitambo kidogo kabla ya kuendelea. Kioo huonyesha picha 60 kwa sekunde. Zikiganda picha 5 tu, hiyo ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara 12. Jicho halitambui kwamba kitu kilisimama, lakini mkono huhisi kwamba umepiga nyama na mfupa. Ni kama kituo baina ya ukwapi na utao wa mshororo: msikilizaji hakihesabu, ila ukikiondoa ataona shairi limechechemea.

Ni hao hao Wajapani walioshughulika na swali la maadui wengi. Walipokuwa wakitengeneza Zelda ya mwaka 1998, ile iitwayo Ocarina of Time, baadhi ya watengenezaji wa Nintendo walikwenda Kyoto katika bustani ya studio ya filamu ya Toei, wakatazama onyesho la mtu mmoja akipambana na kundi. Wakaona kwamba wale wengi hawamvamii kwa pamoja. Mmoja hupiga, wengine huzunguka wakingoja. Wakarudi na fikira mbili: macho ya mchezaji yafungwe kwa adui mmoja kwa wakati, na wengine wangoje zamu. Michezo mingi iliyofuata imekula mkate wa onyesho hilo. Mimi nasema zamu ni nzuri ikiwa imefichwa. Ikiwa wale wanaongoja wanazunguka, wanatafuta mgongo wako, wanaitana, ni vita. Ikiwa wamesimama duara mikono imening'inia kama watu walio foleni ya mafuta ya taa, ni aibu.

Mtu aliyeyageuza mambo zaidi ya wote ni Hidetaka Miyazaki wa kampuni ya FromSoftware ya Tokyo. Alianza na Demon's Souls mwaka 2009, akafuatisha Dark Souls mwaka 2011, na hatimaye akaipeleka elimu hiyo katika ulimwengu ulio wazi kwa Elden Ring, uliotoka tarehe 25 Februari 2022. Siri yake ni kwamba kila kitu kina bei. Mhusika ana pumzi, na kupiga, kukinga na kukwepa vyote huila. Ukishaanza kuinua panga zito huwezi kughairi. Umetoa neno, lazima ulitimize, na kama umelitoa vibaya utapigwa ukiwa mikono juu. Ukivaa chuma kingi unakwepa kwa uzito kama mzee aliyeshiba pilau. Dawa imo chupani, na kuinywa huchukua muda ambao adui anauona na kuutumia. Wala mchezo hausimami ukifungua mkoba. Mama akiita toka jikoni, kijana lazima akimbie kwanza apate pahali pa kujificha.

Pamoja na sifa hizo, lipo moja ambalo sikubaliani nalo. Njia kuu ya kuokoka katika michezo hiyo ni kubingirika, na katikati ya kubingirika kuna kitambo ambacho mashine imeamuru kwamba mtu hagusiki. Hivyo basi panga la jitu, refu kama mlingoti wa jahazi, hupita ndani ya mwili wa shujaa kama linapita moshini. Watengenezaji nao, kwa kujua kwamba wachezaji wamezoea, wamewafunza maadui wa Elden Ring kusitasita, panga juu, likangoja, likangoja zaidi, ili mtu abingirike mapema. Limekuwa shindano la kuvumiliana. Ni mchezo wa akili kweli, lakini si kupigana kwa upanga.

Ukitaka kupigana kwa upanga lazima uende Ankara. Huko Uturuki, Armağan Yavuz na mkewe İpek walianza kutengeneza Mount & Blade wakiwa watu wachache tu, ukatolewa rasmi mwaka 2008. Hauna majoka wala uchawi, ingawa nchi yake ni ya kubuni. Una njia nne za kupiga, juu, kulia, kushoto na kuchoma, na njia hizo hizo nne za kukinga. Mwenye upanga asipokinga upande ule ule pigo linakotokea, ameumia. Ukimpiga mtu huku unamwendea, pigo huzidi nguvu. Ukimpiga huku unarudi nyuma, hupungua. Juu ya farasi anayekimbia, mkuki huwa jambo jingine kabisa. Sura zake si nzuri, watu wake ni wagumu kama vinyago, lakini kijana wangu alipoukinga mkuki wa kwanza kwa kuusoma bega la adui, aliruka kitini. Na kuna hili nililolipenda kuliko yote: makali huua, ila rungu humzimisha mtu bila kumtoa roho, na aliyezimia hutekwa akawa wa kukombolewa kwa mali. Yaani mchezaji huchagua silaha kwa kufikiri anataka adui awe maiti au awe mateka.

Wajerumani wa kampuni ya Piranha Bytes walilitangulia hilo. Mchezo wao Gothic, wa mwaka 2001, humtupa mtu katika koloni ya wafungwa wachimba madini. Mwanzoni shujaa hushika upanga wa mkono mmoja kwa mikono miwili, kama mtoto aliyepewa shoka la baba yake. Akilipa mwalimu na kufunzwa, mwendo wa mwili wenyewe hubadilika: mkono mmoja huachia, miguu hukaa sawa, mapigo hufuatana. Hakuna haja ya kusoma tarakimu. Unamwona mtu amehitimu. Ukichomoa upanga mbele ya mtu bila sababu, atakuonya uurudishe alani. Na mkipigana, anayeshindwa kwa kawaida huanguka tu, mshindi humnyang'anya silaha na madini akaenda zake, naye baadaye huinuka akijipangusa vumbi. Kuua ni tendo la pili, la makusudi, juu ya mtu aliyelala chini. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2024, na yale iliyoyajua zaidi ya miaka 20 iliyopita wengi bado hawajayachukua.

Wako pia Wacheki wa Warhorse, Prague, ambao mwaka 2014 waliomba msaada wa umma wakakusanya zaidi ya pauni milioni moja za Kiingereza, na mwaka 2018 wakatoa Kingdom Come: Deliverance. Hii si hadithi ya majoka. Ni Bohemia ya mwaka 1403, na shujaa ni Henry, mtoto wa mhunzi, asiyejua upanga wala kusoma. Ukifungua kitabu kabla hajafunzwa, herufi zinakuwa zimevurugika kiooni. Wallahi hilo lilinifurahisha mimi mtu wa kalamu. Panga zake hazikati bamba la chuma, rungu ndilo linalofaa hapo, na maadui wakizidiwa hukimbia au huinua mikono, na unaweza kuwaacha. Walikosea pahali pamoja: maadui walipewa mbinu ya kupangua na kujibu mara kwa mara mno, hata mchezaji akagundua kwamba kuanza kupiga ni upumbavu, heri angoje. Wakawa watu wawili wenye panga wanatazamana. Katika mchezo wa pili, wa mwaka 2025, mbinu hiyo imewekewa masharti.

Sasa nieleze kilichonikalisha kwenye kioo hicho. Mpwa wangu na wenziwe wawili wanajaribu kutengeneza mchezo wao, mdogo, wa mji wa kubuni wa pwani wenye majini na majahazi. Alikuja kwangu akitaka majina ya zamani ya silaha. Nikamwomba anionyeshe watu wake wakipigana, akanionyesha, na nikaona kinu na mchi. Alikuwa na aina tisa za mapigo, yote mepesi kama unyoya.

Nikamwambia aache vitabu vya Kizungu kwa juma moja tukatazame kirumbizi. Wasomaji wa Lamu sina haja ya kuwaeleza: wawili huingia uwanjani na fimbo, ngoma na zumari zinalia, huyu anapiga na yule anakinga, na mtazamaji anajua nani amezidiwa bila ya mtu kuvuja damu. Nilimpeleka kwa wazee wawili wanaoujua, akawapiga picha kwa simu yake kutoka pande tatu. Fedha haikuhitajika. Jordan Mechner, aliyetengeneza Prince of Persia wa mwaka 1989, alimpiga picha mdogo wake akikimbia na kuruka, akachora juu ya picha hizo, na mapigano ya panga akayatoa katika filamu ya Robin Hood ya mwaka 1938.

Tulizitazama picha za wale wazee moja moja. Kwanza, pigo halianzi mkononi. Huanza kisiginoni, likapanda nyonga, bega, kisha ndipo fimbo inasogea. Anayekinga haitazami fimbo hata kidogo. Pili, baada ya kila pigo lililokingwa kuna kurudi nyuma kwa wote wawili, hatua ndogo ya kupata pumzi, na ngoma inalijua hilo, inawapa nafasi. Tatu, na hili kijana ndiye aliyeliona, mzee aliyezidiwa hubadilika kabla hajashindwa: fimbo yake hushuka kidogo, miguu hukaribiana, anaanza kukinga kwa kuchelewa. Katika Skyrim mtu mwenye roho ya mwisho hupiga sawa na mwenye roho kamili mpaka afikapo kwenye lile goti la uongo.

Akarudi nyumbani akafuta mapigo sita. Amebakiwa na matatu, kila moja na kisigino chake. Nilimsikia akibishana na wenziwe usiku kuhusu picha ngapi zigande fimbo ikigongana na fimbo. Mmoja anataka 4, mwingine 7. Adui wao sasa huchoka, na ukimtazama unajua amechoka. Tena ulimwengu umeingia vitani: mchangani hatua huzama, sakafu ya jahazi huyumba. Hilo wamelisoma katika Zelda ya mwaka 2017, ambamo mtu mwenye upanga wa chuma wakati wa radi heri autupe, maana radi humfuata.

Kazi iliyowashinda mpaka leo ni ya aliyesalimu amri. Mtu wao akizidiwa hutupa fimbo na kuinua mikono, na hasimami tena kupigana. Hilo lilikuwa sharti langu nao wakalikubali. Lakini siku aliponionyesha, yule mtu alibaki pale pale, mikono juu, mchana kutwa na usiku kucha wa mchezo. Mpwa wangu akaniuliza, "Haya, mjomba, ameshasalimu. Halafu nini?" Nikamwambia mtu huyo aende kwao. Akanyamaza kidogo, akasema hana kwao, hawakuwahi kumjengea. Adui wa kuuawa hahitaji nyumba, anahitaji pahali pa kuangukia tu. Ikabidi wamtafutie mtaa, njia ya kufikia huko, mlango, na mtu wa kumfungulia. Ni kazi ya wiki nyingi kwa vijana watatu wenye mitihani, na wana maadui 40. Nilipowapitia Alhamisi iliyopita walikuwa wamemaliza nyumba ya wa kwanza, na wanabishana kama mama yake amwulize fimbo iko wapi.